Kwa nini Switch 2 ni rahisi Japan kuliko kwingine, na ile hasara ya konsoli inabebwa na nani?

Swali nililoletewa ni kuhusu Switch 2, konsoli (mashine ya kuchezea gemu) ya kampuni ya Nintendo, nalifupisha kidogo: "Switch 2 Japan ilitoka kwa yen 49,980, nikibadilisha kwa kiwango cha wakati ule napata kama dola 347. Marekani ilitoka kwa dola 449.99, Ulaya yuro 469.99, Uingereza pauni 395.99. Mashine si ileile? Iyo dola mia inaenda wapi, sisi wengine tunapigwa? Afu kila siku nasikia konsoli zinauzwa kwa hasara, mbona hiyo hasara haina usawa? Na je, niagize ile ya Japan?"

Ndugu yangu, swali zuri sana hili, na watu wengi wakiulizwa wanajibu "ni kodi" halafu basi, wakati kodi inaeleza nusu ya kwanza tu, tena ile nyepesi. Tuanze nayo ili tuimalize.

Kabla hujalinganisha bei za nchi mbili ondoa kodi kwanza kwenye zote mbili. Bei ya Marekani inaandikwa bila kodi ya mauzo, hiyo unakutana nayo wakati wa kulipa na inategemea uko jimbo gani. Bei ya Ulaya, Uingereza na Japan inaandikwa kodi ikiwa tayari ndani. Kwahiyo ukiweka 449.99 pembeni ya 469.99 hapo hujalinganisha kitu. Chukua Ujerumani, VAT ni 19%, gawanya 469.99 kwa 1.19 unabaki na kama yuro 395, na Juni 2025 mashine inatoka yuro moja ilikuwa kama dola 1.14, zidisha uone: dola 450. Nenda Uingereza, VAT 20%, pauni 395.99 ukitoa kodi inabaki 330, pauni ilikuwa kama dola 1.35, inakuja kama dola 445. Yaani ile bei ya Ulaya inayoonekana ya ajabu ni bei ya Marekani ileile, serikali imekaa juu yake.

Sasa fanya hivohivo Japan. Kodi yao ni 10%, toa kwenye 49,980 inabaki yen 45,436, dola ilikuwa kama yen 144, unapata dola 315. Umeona? Tofauti siyo mia uliyoiona wewe, ni kama 135, imekuwa kubwa zaidi baada ya kuondoa kodi. Kwahiyo kodi haielezi Japan hata kidogo, inazidi kulifanya swali lako kuwa gumu.

Ila kuna kitu Nintendo walifanya ambacho ni kama wametuandikia jibu wenyewe. Japan waliuza Switch 2 za aina mbili. Ya yen 49,980 inaongea Kijapani tu. Ya lugha zote iliuzwa yen 69,980 kwenye duka lao wenyewe la mtandaoni. Toa kodi kwenye hiyo ya pili, inabaki kama 63,618, gawanya kwa 144, dola 442. Mashine ileile, nchi ileile, kampuni ileile, ukiondoa tu kufuli ya lugha bei inarudi palepale pa Marekani, Ujerumani na Uingereza. Mimi nikiangalia namba hizi naona wazi kwamba bei ya dunia kabla ya kodi ilikuwa kama dola 450, na Mjapani amepewa punguzo. Hujapigwa wewe, kapunguziwa yeye, na kuna sababu.

Sababu inaitwa yen. Rudi nyuma mpaka Novemba 2020 PS5, konsoli ya Sony, inatoka: Marekani dola 499, Ulaya yuro 499, Uingereza pauni 449, Japan yen 49,980 kabla ya kodi. Ukitoa kodi kote na kubadilisha kwa viwango vya mwezi ule unapata karibu 509 Ujerumani (VAT yao ilikuwa imeshushwa kwa muda hadi 16%), karibu 494 Uingereza, na karibu 476 Japan kwa sababu dola ilikuwa kama yen 105. Dunia nzima bei moja, tofauti ndogo tu. Baada ya hapo yen ikaanza kuporomoka, na Julai 2024 dola ilifika mpaka yen 160. Sasa fikiria uko Sony. Chipu zako, memori zako, vitu vingi vya ndani vinanunuliwa kwa dola, lakini mteja wako wa Tokyo analipwa mshahara kwa yen na mshahara wake haujapanda kufuata dola. Usipopandisha bei unauza mashine kwa pesa ambayo kila mwezi inanunua chipu chache zaidi. Ukipandisha, unamfukuza mteja.

Sony walichagua kupandisha. Agosti 2022 walitangaza kwamba kuanzia Septemba PS5 ya diski Japan inaenda 60,478 kodi ikiwa ndani, kutoka 54,978, na siku ya tangazo hilo Ulaya ikaenda yuro 549 na Uingereza pauni 479 lakini Marekani haikuguswa. Novemba 2023 ikaja PS5 mpya iliyopunguzwa umbo, ile nyembamba, kwa 66,980. Septemba 2024 ikafika 79,980. Yaani ndani ya miaka minne mtu wa Japan bei imempanda kwa karibu nusu, kwa mashine inayozeeka! Na cha kuumiza zaidi ni kwamba pamoja na kupanda kote huko bado kwa mtu mwenye dola ilikuwa rahisi. Ile 66,980 ukitoa kodi na kugawa kwa 160 ni dola 380, wakati Marekani ni 499. Hapo ndipo wanapoingia walanguzi, mtu ananunua kwa wingi Japan anasafirisha nje, anakula tofauti. Ruzuku uliyomlenga Mjapani inaondoka na ndege, Mjapani mwenyewe dukani hapati kitu.

Ndiyo maana kufuli ya lugha ni jambo kubwa kuliko inavyoonekana. Kuuza bei tofauti sehemu tofauti ni rahisi kutamka, kazi ni kuzuia bidhaa isitoke sehemu ya bei rahisi ikaenda sehemu ya bei ghali. Konsoli ni boksi, inaingia kwenye begi. Nintendo wakaijengea ukuta: lugha moja, na akaunti ya mtumiaji lazima iwe imesajiliwa Japan. Sony wakaja kufanya vilevile Novemba 2025, wakatoa PS5 ya dijitali ya Kijapani peke yake kwa yen 55,000. Toa kodi ni 50,000 kamili, kwa dola ya yen 155 hivi unapata kama 322, wakati huohuo Marekani PS5 ya dijitali ilikuwa 499.99. Na angalia walivyochagua ile ya dijitali, isiyo na sehemu ya kuweka diski. Hapo tunaingia kwenye nusu ya pili ya swali lako, ile ya hasara.

Ni kweli konsoli nyingi zinauzwaga kwa hasara au kwa faida nyembamba, hii siyo hadithi ya mtaani. Mfano mkubwa kuliko yote ni PS3. Novemba 2006 iliuzwa Marekani dola 499 ile ya GB 20 na 599 ile ya GB 60. Kampuni ya iSuppli ikaifungua, ikahesabu vipuri na kuunganisha, ikapata kama dola 805 kwa ile ndogo na 840 kwa ile kubwa. Fanya hesabu, ile ya bei rahisi ndiyo iliyokuwa inapoteza zaidi, zaidi ya dola 300 kila boksi, na hapo hujaweka usafiri, matangazo, wala fungu la muuza duka. Mwaka wa fedha ulioishia Machi 2007 kitengo cha gemu cha Sony kilipata hasara ya uendeshaji ya yen bilioni 232. Na Japan ile ndogo walikuwa wameishusha mpaka 49,980 kodi ndani hata kabla haijaanza kuuzwa, yaani kupendelea soko la nyumbani hakujaanza jana.

Microsoft nao walisema wenyewe. Mei 2021 kwenye kesi ya Epic, kampuni ya magemu, dhidi ya Apple, Lori Wright wa upande wa Xbox, konsoli ya Microsoft, aliulizwa chini ya kiapo akasema hawajawahi kupata faida kwa kuuza konsoli zenyewe. Mwaka 2022 Phil Spencer, mkuu wa Xbox wakati ule, akataja kabisa kwamba wanafidia kati ya dola 100 na 200 kwa kila konsoli, wakitegemea pesa irudi kwenye gemu na vifaa.

Inarudije? Gemu la kampuni nyingine likiuzwa kwenye duka la ndani ya konsoli, kampuni yenye konsoli inachukua 30%. Gemu la dola 70 linaipa 21. Ukipoteza 100 unahitaji gemu kama tano za namna hiyo, ukipoteza 200 unahitaji kama kumi, na hapo weka malipo ya kila mwezi ya kucheza mtandaoni, na magemu yao wenyewe ambayo hawagawani na mtu 70% iliyobaki. Ila mteja akinunua diski, muuza duka naye anataka chake, na diski ikishachezwa inaweza kuuzwa tena ikachezwa na mwingine bila kampuni yenye konsoli kupata hata senti. Sasa utaelewa kwa nini PS5 ya dijitali ilitoka ikiwa rahisi kwa dola mia nzima kuliko ya diski, wakati kisomaji cha diski hakigharimu dola mia. Hilo punguzo ni malipo ya kukufunga kwenye duka lao. Mnunuzi wa ile ya yen 55,000 amefungwa mara tatu, kwa lugha, kwa akaunti na kwa duka, kwahiyo pesa aliyopunguziwa ina njia moja tu ya kurudi na inajulikana.

Hasara ya konsoli, kwahiyo, ni mkopo anaopewa mteja, na mkopeshaji yeyote anaangalia nani atalipa. Kuna kisa cha kweli kinachoonyesha vizuri hali ikiwa mbaya: jeshi la anga la Marekani lilinunua PS3 zipatazo 1,760 likaziunganisha kuwa kompyuta moja kubwa ya utafiti, ikazinduliwa mwaka 2010. Mashine 1,760 na hakuna hata mmoja atakayenunua gemu! Kwa mnunuzi ilikuwa akili nyingi, alipata nguvu ya kompyuta chini ya gharama yake. Kwa muuzaji ni mkopo usiolipika. Na mwaka huohuo Sony waliondoa uwezo wa kuweka Linux (mfumo wa kuifanya itumike kama kompyuta) kwenye PS3, wao walisema ni kwa sababu za usalama.

Hapo ndipo lilipo jibu la "mbona hasara haina usawa", na hiki ndicho ninachotaka ukishike kuliko kingine chochote. Kampuni haigawi hasara kwa huruma wala kwa kuangalia nani maskini. Inaiweka mahali ambapo ina uhakika mteja ataendelea kununua kwa miaka kupitia mlango wao rasmi, na ambapo mpinzani akikaa atakaa moja kwa moja. Japan ni nyumbani kwa Nintendo na Sony, wana duka rasmi, wana mtandao wa malipo, wana wachezaji waliokua na magemu yao. Sehemu ambayo watu wanacheza sana lakini njia rasmi za kulipia ni chache haipewi kitu, hata kama ndiko mishahara ni midogo zaidi. Binafsi naona hilo ni kosa la kibiashara, maana unamnyima mtu mlango halafu unasema haingii, lakini ndivo wanavyopiga hesabu zao.

Tena usidhani kila mtu anauza kwa hasara. Nintendo kwa kawaida hawapendi. Konsoli yao ya Wii ya 2006 ilikuwa dola 249.99 na ilileta faida toka mwanzo kwa sababu chipu zake hazikuwa za kisasa sana. 3DS, konsoli yao ya mkononi, ilipotoka 2011 kwa yen 25,000 na dola 249.99 watu hawakuichangamkia, ndani ya miezi sita wakaishusha hadi yen 15,000 na dola 169.99, wakawa wanauza chini ya gharama, na rais wao Satoru Iwata akajikata nusu ya mshahara. Wii U nayo walisema ilitoka kwa hasara lakini mteja akinunua gemu moja tu hasara imefutika. Linganisha na PS3 uone upana wa neno "hasara", kuna ya gemu moja na kuna ya gemu kumi na tano. Na haidumu pia: Agosti 2021 Sony walitangaza PS5 ya dola 499 haiuzwi tena kwa hasara, haikuwa imefikisha hata mwaka sokoni.

Kuna nchi ambako bei inapaa na kampuni haishiki hata robo ya nyongeza. Brazil ndiyo mfano unaofundisha. PS4 ilitangazwa pale mwaka 2013 kwa reali 3,999, wakati ule ni zaidi ya dola 1,800, kwa mashine ya dola 399! Watu walikasirika mpaka Sony wakachapisha maelezo ya mgawanyo wa bei, na fungu kubwa likawa kodi za kuingiza. Tatizo la kodi za namna ile ni kwamba zinapandiana. Mfano wa kubuni: mashine ya 100, ushuru 20% inakuwa 120, kodi ya pili ya 50% haihesabiwi kwenye 100 bali kwenye 120, tayari uko 180, halafu inakuja ya tatu juu ya hiyo 180, halafu mwagizaji na muuza duka wanaweka asilimia zao juu ya jumla yote, kwahiyo hata faida yao ya kawaida inavimba. Njia ya kukwepa ni kuunganisha mashine ndani ya nchi, ndiyo maana Xbox 360 ilianza kuunganishwa Manaus, mji wa Brazil, 2011, PS3 ikafuata 2013, PS4 ikaanza kuunganishwa Brazil 2015 na bei ikashuka hadi reali 2,599. Namba hiyo peke yake inakuambia ile 3,999 haikuwa tamaa ya mtengenezaji.

Muuza duka nitamtaja haraka tu kwa sababu watu wanamlaumu sana bila haki: kwenye konsoli yenyewe anabaki na asilimia chache, anaishi kwa kuuza padi za ziada, magemu, chaja na kadi. Akikuuzia boksi tupu bila kitu kingine huyo hajapata siku.

Ni haki pia kusema kuna wakati lalamiko lako lingekuwa sahihi kabisa. PS3 ilipofika Uingereza Machi 2007 ilikuwa pauni 425, VAT ya wakati ule 17.5%, ukiitoa inabaki kama pauni 362, na pauni ilikuwa karibu dola 1.95, kwahiyo ni kama dola 705 kabla ya kodi wakati Mmarekani analipa 599. Yuro 599 nayo ukiipigia hesabu Ujerumani inatoa kama dola 670. Hapo kampuni ilitumia nguvu ya pauni na yuro kubaki na chenji, na waliolalamika walikuwa sahihi.

Na mambo yamegeuka tena. Kwa miaka mingi Marekani ndiyo ilikuwa inalindwa, hata 2022 wenzao wanapandishiwa wao hapana. Mwaka 2025 zikaja tozo mpya za kuingiza bidhaa, na konsoli nyingi zinaunganishwa China na Vietnam. Switch 2 ilibaki 449.99 ila vifaa vyake vikapanda, Switch ya zamani ikatoka 299.99 kwenda 339.99 Agosti, PS5 ikaenda 549.99 mwezi huohuo, na Xbox Series X ikapanda mara mbili mpaka 649.99 ilipofika Oktoba. Zamani konsoli ikizeeka inashuka, PS2 ilitoka dola 299 mwaka 2000 ikafika 99 mwaka 2009, kwa sababu kila baada ya miaka michache chipu ileile ilitengenezwa ndogo na kwa bei nafuu. Siku hizi kupunguza chipu ni ghali sana, akiba yake ni ndogo, kwahiyo hakuna gharama inayoshuka ya kukugawia wewe mteja.

Mwisho uliniuliza kama ununue ile ya Japan uagizie. Mimi nisingekushauri. Menyu zote ni Kijapani, akaunti lazima iwe ya Japan, ikifika kwako usafiri na ushuru vinakula sehemu ya lile punguzo, na toka Machi 2025 duka la mtandaoni la Nintendo la Japan halipokei kadi za benki wala PayPal zilizofunguliwa nje ya Japan, kwahiyo hata kulipia gemu itabidi utafute kadi za kulipia kabla zinazouzwa kulekule. Kama kweli unaipenda ya Japan, hesabu ile ya lugha zote (ilitoka kwa yen 69,980), toa kodi kama unastahili kurudishiwa, ongeza usafiri na ushuru wa kwenu, halafu linganisha na bei ya karibu yako. Mara nyingi utakuta tofauti haitoshi hata kulipia matengenezo ikiharibika, maana waranti nayo utaenda kuidai kulekule ulikoinunua.